Mechi ya watani ichezwe siku yake

Simba na Yanga hazina haki ya kukataa kukutana. Nalisema hili nikiwa Simba damu, na nikijua vizuri kwamba kati ya mechi mbili za watani zilizokufa siku ile ile ya kuchezwa, ya Mei 8, 2021 na ya Machi 8, 2025, ya kwanza Yanga waliiacha wakaondoka na ya pili iligomewa na timu yangu. Sina upande wa kuficha. Ninachodai ni kwamba ratiba ikishatangazwa, wachezaji 22 waingie uwanjani, mpira uwekwe kati, na mengine yote yasubiri filimbi ya mwisho.

Naandika kutoka Mamba, Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, ndani ya bonde la Ziwa Rukwa. Nalima mpunga, na kando ya barabara nina kibanda umiza: nguzo za miti, mabati, mabenchi ya mbao, luninga, king'amuzi, dishi, na jenereta ya akiba kwa siku ambayo umeme umekatika. Kazi hii imenionyesha jambo ambalo si rahisi kuliona ukiwa jukwaani Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mechi hii inaanza huku kwetu wiki nzima kabla ya filimbi, na watu wanaoibeba ni wengi kuliko wale 60,000 wanaoweza kuketi pale Temeke.

Wiki ya mechi, maneno huanzia kwenye mashine ya kukoboa, yakaenda bombani, yakaenda gengeni. Jezi zilizofungiwa sandukuni hutolewa na kufuliwa. Wafugaji huamua mapema ni kijana gani atabaki na ng'ombe siku hiyo, na uamuzi huo haupiti bila mabishano. Siku yenyewe pikipiki zinaingia kutoka Majimoto, Usevya na Kibaoni, mishikaki juu ya mishikaki. Mama anayekaanga mihogo nje ya kibanda changu huwasha jiko tangu mchana. Ndani, bila mtu yeyote kuelekezwa, Simba hukaa kushoto na Yanga kulia, wazee hupewa benchi la mbele, watoto hukaa chini. Kelele zinazotoka humo husikika hadi mashambani, na aliyeko shambani hujua ni upande gani umefunga kwa kusikiliza tu nani anapiga kelele.

Yote haya yalianza mbali na sisi. Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata wanachama waliojitenga nayo wakaunda timu yao, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kama Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Makao ya klabu hizo, moja Jangwani na nyingine Msimbazi, yote yako Kariakoo. Mtu anatoka hapa kwenda pale kwa miguu. Ulikuwa ugomvi wa watu waliokuwa ndugu, mtaa mmoja, klabu moja. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, redio ikauchukua ugomvi huo na kuufikisha kwa watu ambao hawajawahi kuiona Kariakoo, wakiwemo wazazi wetu huku bondeni.

Marehemu baba yangu alikuwa Yanga. Redio yake ya betri ilikaa juu ya kabati, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zikianza kuchoka, alizianika juani juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu za dakika 90 za jioni. Majirani walikuja na vigoda vyao, wakakaa kimya kusikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, na sauti ikipotea katikati ya shambulizi wote walishika vichwa. Simulizi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Agosti 10, 1974, Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Mechi ikiwa inaelekea mwisho, Gibson Sembuli akasawazisha. Wakaingia muda wa nyongeza, Sunday Manara akafunga la pili, na ubingwa ukaenda Jangwani. Baba aliisimulia kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya goli.

Mimi nilimjibu kwa Julai 19, 1977. Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe. Baba alikuwa na utetezi wake: Yanga ilikuwa imetoka kupasuka, wachezaji wengi wameondoka na klabu ya Pan African imezaliwa. Nilimkubalia yote hayo, kisha nikamuuliza, "Kwa hiyo Baba, yalikuwa mangapi?" Alinitazama, akacheka, akasema, "Sita, mwanangu. Lakini tulienda uwanjani."

Jibu lile ndilo msingi wa makala hii. Yanga ya 1977 ilijua kwamba ni dhaifu, ikaenda uwanjani hivyo hivyo, ikafungwa sita, na kwa kwenda kule ikawapa Watanzania simulizi ambayo karibu miaka 50 baadaye bado inawagombanisha na kuwachekesha. Mapema zaidi, Juni 1, 1968, Sunderland walikuwa wamefungwa 5-0 na Yanga. Mei 6, 2012, Simba walilipa 5-0: Emmanuel Okwi mawili, na penalti tatu za Patrick Mafisango, Felix Sunzu na kipa Juma Kaseja. Oktoba 20, 2013, Yanga walienda mapumziko wakiongoza 3-0, upande wa kulia wa kibanda changu ukiwa umesimama juu ya mabenchi, na mechi ikaisha 3-3. Novemba 5, 2023, ikawa zamu yetu kuumia: Yanga 5, Simba 1. Siku ile nilizima luninga nikawasikiliza Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, wakiimba barabarani hadi usiku, na asubuhi yake nikaenda kwenye duka la jirani yangu Yanga kununua chumvi, kwa sababu sikuwa na haki ya kujificha.

Utani huu umejengwa na timu zilizokubali kuingia uwanjani na kufungwa. Hilo ndilo lililoupa uzito. Nitajieni mtu anayesimulia wajukuu ushindi wa mezani. Mwaka 1969 Yanga walipewa pointi za chee dhidi ya Sunderland, wapinzani wao wakiwa hawakucheza. Sijawahi kumsikia mzee yeyote wa Yanga akiutamba ushindi huo, na wala sijamsikia mzee wa Simba akiulilia. Hauna mfungaji, hauna dakika, hauna kipa aliyeruka upande usio wake. Pointi ziliingia kwenye jedwali na habari ikaishia hapo.

Kisha tazameni orodha ya mechi zilizokosa kuchezwa, muone kama kuna upande unaoweza kumnyooshea mwenzake kidole. Mwaka 1969 ni Sunderland. Mwaka 2008, katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu wa Kombe la Kagame, Yanga hawakutokea kucheza na Simba, na CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, ikawafungia. Mwaka 2021 Yanga. Mwaka 2025 Simba. Mbili kwetu, mbili kwao. Kwa aibu hii watani wametoka sare.

Ya 2021 ilikuwa ya saa. Mechi ilipangwa kuanza saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba itaanza saa 1 usiku, kwa maelekezo yaliyotoka wizarani. Yanga wakasema kanuni hairuhusu kubadili saa kwa taarifa fupi kiasi hicho, wakaingia uwanjani saa 11 yao, wakaondoka. Simba wakaingia kwa saa 1 yao, hawakumkuta mtu. Mashabiki walikuwa wamejaa majukwaani tangu mchana, wakarudi nyumbani bila kuona hata mpira wa kurusha.

Ya 2025 ilikuwa ya mazoezi. Jioni ya Ijumaa, Machi 7, Simba walifika Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, haki ambayo kanuni za ligi zinaipa timu mgeni, wakazuiwa kuingia. Wakatangaza kwamba hawatacheza. Jumamosi yenyewe Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi. Yanga wakasema wao wapo tayari, wakaenda uwanjani. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Uswisi. Mechi ikapangiwa Juni 15, ikasogezwa tena hadi Juni 25, siku ya Jumatano. Ilipochezwa hatimaye, Yanga walikuwa na pointi 79 na Simba 78. Msimu mzima wa timu 16 ulikuwa umesimama ukisubiri watu wawili wamalize hasira zao. Yanga wakashinda 2-0, penalti ya Pacome Zouzoua na bao la Clement Mzize, wakabeba ubingwa wa nne mfululizo. Timu yangu ilifungwa kihalali. Ningependa zaidi kufungwa Machi.

Sasa nielezeni, kwa nini mtu wa Mamba ajali sana tarehe? Mechi si mechi tu, hata ikiahirishwa?

Tarehe ni kila kitu kwa mtu aliye mbali. Mwezi Machi sisi tuko kwenye palizi. Ghala limekaribia kuwa tupu, mpunga bado uko majini, na fedha iliyopo ni ya mbolea na ya vibarua. Mtu anayeamua kwenda Dar es Salaam kuitazama mechi mwezi huo anauza mbuzi au anakopa kwa ahadi ya gunia la mavuno. Atatafuta usafiri hadi Mpanda kwenye tope la masika, kisha apande treni ya kupitia Kaliua na Tabora, au basi, kilomita zaidi ya 1,000. Mei ni wakati wa kuamia ndege na kuanza kuvuna. Ukiondoka shambani siku tatu, kwelea hawakusubiri. Juni tunavuna, fedha ipo, lakini mikono yote iko shambani. Kila tarehe ina gharama yake, na mkulima huipima gharama hiyo kabla ya kuamua. Tarehe ikifutwa asubuhi ya mechi, anayeishi Kinondoni anapanda daladala anarudi nyumbani. Aliyetoka bonde la Rukwa yuko stendi, nauli ya kurudi mfukoni imebaki nusu, na mbuzi wake ameshachinjwa na mtu mwingine.

Huku kwetu kuna mnada wa mifugo. Siku ya mnada inajulikana, na mfugaji anaswaga ng'ombe wake usiku kucha ili kulipopambazuka awe pale. Wanunuzi wakubwa wakikosana wao kwa wao wakaamua kutokuja, hasara si yao; ni ya aliyetembea usiku. Na mnada ukivunjika hivyo mara mbili tatu, mfugaji anatafuta mnada mwingine. Ndivyo mechi hii itakavyopoteza watu wake.

Msidhani hilo haliwezekani. Vijana wanaokuja kibandani kwangu wanazijua Arsenal, Manchester United na Real Madrid kwa majina ya wachezaji hadi ya benchi. Wanajua kwamba mechi ya Uingereza iliyopangwa saa 12 jioni itaanza saa 12 jioni. Bado, ikifika siku ya Simba na Yanga, wanaacha yote hayo, kwa sababu hii ni yao: Kiswahili chao, utani wao, Makolo na Utopolo wao, majina ambayo Simba na Yanga hutaniwa nayo. Mwaka 2021 haki za matangazo ya ligi yetu ziliuzwa kwa Azam Media kwa zaidi ya Shilingi bilioni 225 kwa miaka 10. Fedha hiyo haikutokana na majukwaa ya Mkapa. Imetokana na kila dishi lililo juu ya bati, kuanzia Kagera hadi Mtwara, na kila kifurushi kinacholipiwa na mtu asiyejua kama ataiona Dar es Salaam kabla hajafa. Mwenye dishi ni mdau. Anapaswa kuhesabiwa wakati wa kuamua kama mechi ipo au haipo.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Watasema: kanuni ikivunjwa, timu ifanye nini? Yanga walibadilishiwa saa bila taarifa ya kutosha. Simba walifungiwa mlango wa mazoezi. Timu inayonyamazia uonevu leo itaonewa tena kesho, na kugoma ndiyo silaha pekee ambayo wenye mamlaka huisikia. Najua kwamba katika yote mawili timu iliyogoma ilikuwa na kanuni mkononi. Sikusema kwamba hawakuwa na malalamiko.

Lakini malalamiko yana nyumba yake. Timu inaweza kuandika barua kabla ya mechi, ikaikabidhi kwa kamishna wa mchezo, ikaingia uwanjani na kucheza. Haki yake haifi kwa kucheza. Ikishinda, shauri linaendelea ili mkosaji aadhibiwe. Ikifungwa, shauri linaendelea vile vile. Inapogoma, adhabu ya kwanza inampata mtu ambaye hakubadili saa wala hakufunga mlango. Aliyevunja kanuni hulala kwake salama, na aliyesafiri ndiye analala stendi. Kama kugoma ni silaha, imekuwa ikipiga watu wasiohusika.

Wenzetu Marekani wana mpira wao, ule wa kubeba mkononi na kuangushana. Chicago Bears na Green Bay Packers wamekuwa mahasimu tangu mwaka 1921. Chicago ni jiji la mamilioni. Green Bay ni mji wa watu wapatao 100,000 tu, na timu yake inamilikiwa na wananchi walionunua hisa zisizolipa gawio hata senti moja. Timu hizo mbili zimekutana zaidi ya mara 200. Mwaka 1982 mechi zao zilifutwa kwa sababu wachezaji wa ligi nzima waligoma wakidai maslahi yao, wala haikuwa kwamba timu moja ilimkasirikia mwenzake. Mashabiki wao wanachukiana sana kwa jinsi ninavyosoma, ila uhasama wenyewe wameulinda kama mali ya ukoo. Klabu zetu nazo zilijengwa na wanachama wa kadi, watu wa kawaida waliochanga, na matawi yao yapo hadi wilayani. Haitakiwi kikao cha usiku cha watu wachache kiamue kwa niaba ya wote hao kwamba kesho hakuna mechi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na nayaelekeza kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), Bodi ya Ligi na klabu zote mbili.

Kwanza, siku na saa ya mechi ya watani ikishatangazwa, isiguswe ndani ya saa 72 kabla ya kuanza. Sababu za kuivunja ziandikwe na ziwe chache: hatari kwa maisha ya watu, uwanja usiochezeka, msiba wa taifa. Agizo la ofisi yoyote, iwe kubwa kiasi gani, lisiwe mojawapo.

Pili, timu yenye malalamiko ilazimike kucheza ikiwa imeyaandikisha, na kamati iyatolee uamuzi ndani ya siku saba, hadharani, kwa maelezo ambayo mkulima anaweza kuyasoma gazetini akaelewa. Aliyefunga mlango wa mazoezi aadhibiwe hata kama timu iliyofungiwa imeshinda 4-0. Mtu akijua kwamba haki itatendeka Jumamosi ijayo, hatakuwa na sababu ya kuichoma Jumamosi hii.

Tatu, adhabu za kutotokea uwanjani zitumike kwa wakubwa bila kuangalia rangi ya jezi. Nikiwa Simba nasema: kama timu yangu itagoma tena, ipokonywe pointi. Nitaumia, na nitakubali. Mkubwa anayejua kwamba mechi yake itapangiwa tarehe nyingine hata akigoma, atagoma tena.

Nne, mechi hii itolewe Dar es Salaam angalau mara moja kila msimu, kupitia Ngao ya Jamii au Kombe la Shirikisho. Imeshafanyika na nchi haikuanguka. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, na Simba wakashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Watu wa Katavi walipanda magari wakapitia Uvinza, Simba na Yanga kwenye gari moja, wakazozana njia nzima. Wengine wao hawakuwa wamewahi kuwaona wachezaji hao kwa macho yao. Mei 2022 nusu fainali ikachezwa CCM Kirumba, Mwanza, Yanga wakashinda 1-0 kwa bao la Feisal Salum. Agosti 2023 Ngao ya Jamii ikaamuliwa kwa penalti Mkwakwani, Tanga. Kiongozi aliyewahi kuona msafara wa watu wanaoingia mjini alfajiri wakiwa na chapati zao kwenye mifuko, hatakuwa mwepesi wa kusaini barua ya kuahirisha.

Wapo wanaosema tunaupa mpira uzito usio wake, kwamba Mamba ina mahitaji makubwa kuliko goli la Kibadeni. Ni kweli tunahitaji barabara, dawa na bei nzuri ya mpunga. Lakini bonde letu limepokea watu wengi kwa miaka mingi: Wapimbwe wenyeji, Wasukuma na mifugo yao, Wafipa, Wanyamwezi, watumishi kutoka kila mkoa. Mkulima na mfugaji wanagombana hapa kuhusu maji na malisho, na si ugomvi wa maneno tu. Ndani ya kibanda changu mstari wa katikati haufuati kabila, dini wala kazi. Upande wa kushoto mfugaji na mkulima wanakumbatiana bao likiingia, na upande wa kulia vivyo hivyo. Siku 11 baada ya kutufungia penalti katika zile 5-0, Patrick Mafisango alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Habari ilipofika hapa, wa kwanza kuja kunipa pole walikuwa Yanga. Walikuja wawili wawili, kama watu wanaoingia matangani, na hakuna aliyetaja zile tano. Sijui chombo kingine chochote kinachoweza kufanya kazi hiyo kwetu, bure, mara mbili au tatu kwa mwaka.

Chombo hicho kinataka kitu kimoja tu ili kiendelee kufanya kazi: mechi ichezwe. Viongozi wa Simba, nawaanza ninyi kwa sababu ninyi ni wangu. Mkionewa, semeni kwa sauti kubwa, andikeni, nendeni kwenye kamati, nendeni hata Uswisi. Ila kwanza vaeni jezi nyekundu muingie uwanjani. Viongozi wa Yanga, wekeni na ninyi ahadi hiyo hiyo mbele ya Wananchi wenu. Nanyi mnaopanga ratiba, mkishaandika saa, isimamieni hata simu ikilia kutoka juu. Sisi huku tumeshajifunza kufungwa sita, kufungwa tano, na kuamka kesho yake tukaenda shambani pamoja. Tutaendelea kufungwa na kufunga. Tunachokataa ni kunyimwa mechi.